Swali Kwanza, Chati Baadaye: Mbinu za Kuchora Takwimu kwenye Lahajedwali

Tangu Muungano wa mwaka 1964, Tanzania imefanya sensa ya watu mara sita. Mwaka 1967 walihesabiwa watu milioni 12.3. Mwaka 1978 wakawa milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Ni namba sita tu. Ziandike kwenye Excel, chagua chati ya mstari, kisha tazama mchoro unaotokea. Utakuambia kwamba baada ya mwaka 2002 ongezeko la watu lilipunguza kasi kidogo. Si kweli. Kasi ilipanda.

Hakuna namba iliyokosewa hapo, na programu haina hitilafu. Kilichokosewa ni aina ya chati. Chati ya mstari ya kawaida huipanga miaka kwa umbali ulio sawa, ilhali sensa hizi hazikupishana kwa miaka iliyo sawa: kati ya ile ya 1988 na ile ya 2002 ilipita miaka 14. Ongezeko la miaka 14 likibanwa kwenye nafasi ileile wanayopewa wenzake wa miaka 10, mstari hupanda mkali kuliko unavyostahili, na kipande kinachofuata huonekana kimelegea.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu chati huaminiwa haraka. Jedwali la namba msomaji hulipitia kwa mashaka, hujumlisha, huuliza. Mchoro hutazamwa kwa sekunde chache kwenye kikao cha halmashauri, mkutano mkuu wa SACCOS au darasani, na uamuzi hufuata: zahanati ijengwe wapi, mkopo upanuliwe au upunguzwe, walimu wangapi waombwe. Anayechora anaona kwa niaba ya wengine, na hiyo ni dhamana. Mbinu zifuatazo ni za kuitimiza dhamana hiyo, uwe unatumia Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Andika sentensi kabla ya kufungua menyu

Kwenye Excel, ukichagua data na kubonyeza Alt pamoja na F1, chati inatokea papo hapo. Kwenye Calc na Google Sheets, menyu ya Insert kisha Chart inatosha. Kwa kuwa kazi ni nyepesi kiasi hicho, watu wengi huanza kwa kubofya, halafu hutafuta maana ya kilichotokea. Geuza mpango huo. Chukua karatasi, uandike sentensi moja ambayo unataka msomaji aondoke nayo. Ukishaiandika, maneno yake yenyewe yatakuonyesha aina ya chati.

- Kama sentensi ina "kuliko" au "zaidi ya", unalinganisha ukubwa. Tumia chati ya pau.
- Kama ina "tangu", "inaongezeka" au "imeshuka", unaonyesha mwenendo wa muda. Tumia chati ya mstari au ya mtawanyiko iliyounganishwa kwa mistari.
- Kama ina "sehemu ya" au "asilimia ya", unaonyesha mgawanyo wa jumla. Tumia pau moja iliyogawanywa vipande, na mara chache duara.
- Kama ina "kadiri" na "ndivyo", unaonyesha uhusiano wa vitu viwili. Tumia chati ya mtawanyiko.
- Kama ina "wengi wao wako kati ya", unaonyesha jinsi thamani zilivyosambaa. Tumia histogramu.

Sentensi zikiwa mbili, chati ziwe mbili. Chati inayojaribu kusema kwamba mauzo yamepanda, kwamba tawi la mjini linaongoza, na kwamba gharama zimezidi, humwacha msomaji akitafuta pa kuanzia.

Kuna nyakati ambapo sentensi inajitosheleza. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba wanawake ni asilimia 51 ya Watanzania na wanaume asilimia 49. Namba mbili zilizokaribiana hivyo hazihitaji mchoro. Ziandike kwenye aya, uendelee.

## Safisha jedwali kwanza

Matatizo mengi yanayoonekana kwenye chati yamezaliwa kwenye jedwali. Kabla ya kuchagua data, pitia mambo haya.

Vichwa vikae kwenye safu mlalo moja tu, juu kabisa, na data ianze mara moja chini yake. Usiunganishe seli. Seli zilizounganishwa hupendeza kwenye jedwali la kuchapisha, lakini huivuruga programu inapotafuta kipi ni jina na kipi ni thamani. Kama ripoti inahitaji jedwali la mapambo, tengeneza nakala ya pili kwa ajili ya chati.

Namba ziwe namba. Ukiandika "milioni 12.3" ndani ya seli, programu inasoma maneno, na kwenye chati ya Excel seli hiyo itahesabiwa kuwa sifuri. Andika 12.3 tu, na kipimo kiweke kwenye kichwa cha safu: "Idadi ya watu (milioni)". Njia ya haraka ya kugundua tatizo ni kutazama upande: bila mpangilio wowote uliowekwa kwa mkono, namba hujipanga kulia mwa seli na maandishi hujipanga kushoto. Namba iliyokaa kushoto ina walakini.

Safu mlalo ya jumla iache nje. Mtu akichagua mikoa yote pamoja na mstari wa "Jumla" ulio chini, pau ya jumla hurefuka hadi juu na zile za mikoa zote hubaki vibiriti visivyotofautishika.

Tofautisha sifuri na kukosekana kwa taarifa. Kama zahanati haikuleta ripoti ya mwezi Aprili, acha seli wazi. Ukiweka 0, mstari utatumbukia hadi chini, na msomaji ataamini kwamba mwezi ule hakuja mgonjwa hata mmoja. Kwenye Excel, dirisha la Select Data lina kitufe cha Hidden and Empty Cells kinachokuwezesha kuamua kama nafasi hiyo ibaki wazi au iunganishwe kwa mstari.

Mwisho, chunga safu ya miaka. Miaka nayo ni namba, kwa hiyo Excel mara nyingi huidhania kuwa data. Matokeo yake ni mistari miwili: mmoja wa "Mwaka" unaoelea karibu na 2,000, na mwingine wa data yako uliolala sakafuni. Dawa ni kufuta neno "Mwaka" kwenye seli ya kona kabla ya kuingiza chati. Kona ikiwa tupu, Excel huelewa kwamba safu ile ni ya lebo. Ukiwa umeshachelewa, bofya kulia juu ya chati, fungua Select Data, ondoa "Mwaka" kwenye orodha ya data, kisha ichague miaka kama lebo za mhimili mlalo.

Kama data inaongezeka kila mwezi, kwenye Excel igeuze kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl na T kabla ya kuchora. Kila utakapoongeza safu mlalo mpya chini, chati itajirefusha yenyewe.

## Kulinganisha: pau, zikiwa zimepangwa

William Playfair, Mskochi, ndiye aliyechapisha mwaka 1786 kitabu kilichojaa chati za mstari za biashara ya Uingereza. Alipofika kwenye biashara ya Uskochi alikwama: alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Mstari unahitaji muda, naye hakuwa nao. Kwa hiyo alichora pau, jozi moja kwa kila nchi, ya bidhaa zilizoingia na zilizotoka. Aina ya data iliamua aina ya chati, na kanuni hiyo haijabadilika.

Chukua mikoa mitano iliyokuwa na watu wengi zaidi mwaka 2022: Dar es Salaam milioni 5.38, Mwanza 3.70, Tabora 3.39, Morogoro 3.20 na Dodoma 3.09. Kwa pau, hata tofauti ndogo ya Tabora na Morogoro inaonekana, kwa sababu zote zinaanzia mstari mmoja na jicho linapima vichwa vyake tu.

Mambo manne huifanya chati ya pau isomeke.

Kwanza, ipange. Rudi kwenye jedwali, upange kuanzia kubwa hadi ndogo kabla ya kuchora. Mpangilio wa alfabeti unamsaidia anayetafuta mkoa wake kwenye orodha ndefu. Anayetaka kujua nani anaongoza haumsaidii. Isipokuwa pale ambapo vitu vina mpangilio wake wa asili, kama madarasa au makundi ya umri: hivyo viache vilivyo.

Pili, majina yakiwa marefu, laza pau. Pau zilizosimama hulazimisha majina yainame au yasimame wima, na msomaji hukunja shingo. Kwenye Excel, pau zilizolazwa huanza kupangwa kutoka chini, hivyo mkoa wa kwanza kwenye jedwali lako utakuwa wa mwisho kwenye chati. Bofya mhimili wa majina, bonyeza Ctrl na 1 kufungua paneli ya mipangilio, uweke alama kwenye "Categories in reverse order".

Tatu, mhimili wa thamani uanze sifuri. Hii ni kanuni isiyo na msamaha kwa chati za pau, kwa sababu msomaji anapima urefu. Rudi kwenye ile asilimia 51 ya wanawake na 49 ya wanaume. Ukianzisha mhimili kwenye 48, pau ya wanawake itakuwa na urefu wa hatua tatu na ya wanaume hatua moja. Jicho litasoma kwamba wanawake ni mara tatu ya wanaume. Wakati mwingine programu yenyewe ndiyo inayokata mhimili namba zikikaribiana, kwa hiyo angalia kila mara, na kama haukuanza sifuri, andika 0 kwenye kisanduku cha Minimum.

Nne, tumia rangi moja. Mikoa mitano haihitaji rangi tano, kwa kuwa jina la kila mkoa liko pembeni mwa pau yake. Zipe zote kijivu au bluu tulivu. Kama sentensi yako inahusu Dodoma, bofya pau ya Dodoma mara mbili polepole hadi iwe peke yake iliyochaguliwa, uipe rangi iliyokolea. Punguza pia nafasi kati ya pau: kwenye Gap Width, kiasi cha asilimia 50 hupendeza kuliko ile nafasi pana inayowekwa na programu.

## Mwenendo wa muda: kagua kama vipindi viko sawa

Kama takwimu zako ni za kila mwezi au kila mwaka bila kuruka, chati ya mstari ya kawaida inafaa. Sensa za Kenya ni mfano mzuri: zimefanyika 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019, kila baada ya miaka 10 kamili. Watu walitoka milioni 10.9 hadi 15.3, 21.4, 28.7, 38.6 na 47.6. Chora mstari, na mteremko wake utakuwa wa haki.

Sensa za Tanzania zinahitaji chati ya mtawanyiko yenye mistari, ambayo husoma miaka kama namba halisi na kuipa kila moja mahali pake. Kwenye Excel fanya hivi:

1. Andika miaka kwenye safu A kuanzia A2 hadi A7, na idadi ya watu kwenye B2 hadi B7.
2. Chagua safu zote mbili, fungua menyu ya Insert, nenda kwenye chati za Scatter, uchague ile yenye mistari iliyonyooka na nukta.
3. Bofya mhimili wa miaka, bonyeza Ctrl na 1, uweke Minimum 1960, Maximum 2030 na Major 10.
4. Hakikisha mhimili wa watu unaanza 0.

Kwenye Calc, aina hiyo huitwa XY (Scatter), na ndani yake kuna chaguo la Points and Lines. Kwenye Google Sheets unaweza kubaki na chati ya mstari, mradi kisanduku cha "Treat labels as text" kisiwe na alama.

Faida ya pili ya mtawanyiko huonekana unapotaka kuzilinganisha Kenya na Tanzania kwenye mchoro mmoja. Miaka yao haifanani hata mmoja, kwa hiyo chati ya mstari ya kawaida haina pa kuziweka pamoja. Kwenye mtawanyiko, bofya kulia, Select Data, Add, kisha ipe Kenya miaka yake na watu wake. Kila nchi itasimama kwenye miaka yake halisi.

Sasa lirudie swali la mwanzo: je, kasi ilipanda au ilishuka? Macho hupata shida kulinganisha mteremko na mteremko. Kama sentensi yako inahusu kasi, hesabu kasi, halafu uichore hiyo. Kwenye seli C5 andika =(B5-B4)/(A5-A4), kisha ivute fomula hiyo juu hadi C3 na chini hadi C7. Utapata kwamba kati ya 1988 na 2002 Tanzania iliongeza takriban watu milioni 0.81 kwa mwaka, kati ya 2002 na 2012 milioni 1.05, na kati ya 2012 na 2022 milioni 1.68. Pau za namba hizo zitasema ukweli ambao mstari wa kwanza uliuficha. Kabla ya kuhangaika na mapambo ya chati, jiulize kila mara kama namba unayoichora ndiyo inayojibu swali lako.

Mstari, tofauti na pau, unaweza kuanza juu ya sifuri pale ambapo mabadiliko ni madogo lakini yana maana, kama joto la mwili au thamani ya shilingi. Msomaji wa mstari hufuata kupanda na kushuka, hapimi urefu. Hata hivyo lebo za mhimili ziwe wazi, na usiukate mhimili ili tu kukuza jambo dogo.

Chunga pia mhimili wa pili upande wa kulia. Programu hukuruhusu kuweka mauzo kwa shilingi kushoto na idadi ya wateja kulia. Ukibadilisha vipimo vya mihimili hiyo, unaweza kuifanya mistari ikutane, ipishane au ifuatane utakavyo. Kwa hiyo kukutana kwake hakumthibitishii msomaji chochote. Chati mbili ndogo, moja juu ya nyingine, zenye miezi ileile chini, ni salama zaidi.

## Sehemu za jumla: duara kwa tahadhari

Chati ya duara nayo ni kazi ya Playfair, ya mwaka 1801, na hadi leo ndiyo inayopendwa kwenye taarifa za ofisi. Tatizo lake lilipimwa. Mwaka 1984, William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio ya jinsi watu wanavyosoma michoro, na matokeo yakaonyesha kwamba tunakadiria vizuri zaidi mahali pa kitu kwenye mstari mmoja wa vipimo kuliko tunavyokadiria pembe, na kwamba maeneo hutupa shida zaidi. Duara linatutaka tufanye yale tunayoyaweza kidogo.

Litumie pale tu vipande vinapokuwa viwili au vitatu, vinapojumlisha asilimia 100, na tofauti inapokuwa kubwa. Mwaka 2022, Zanzibar ilikuwa na watu milioni 1.89 kati ya milioni 61.74, yaani asilimia 3 hivi. Duara linalionyesha hilo vizuri: kipande chembamba mbele ya kikubwa. Lakini duara la mikoa yote 31 halisomeki. Rangi zitaisha, majina yatagongana, na msomaji atarukaruka kati ya mchoro na orodha ya rangi. Hapo laza pau 31, zipange kwa ukubwa, na ukurasa mmoja utatosha.

Unapotaka kulinganisha migawanyo kadhaa, kwa mfano matumizi ya idara tano kwa mishahara, mafuta na vifaa, tumia pau zilizogawanywa hadi asilimia 100. Kile unachotaka kionekane zaidi kiweke kwanza, kwenye ukingo wa pau, kwa sababu kipande hicho tu ndicho kinachoanzia mstari mmoja kwa wote. Vya katikati huwa vigumu kupima.

## Uhusiano: chora kabla ya kuamini wastani

Mwaka 1973, mtaalamu wa takwimu wa Kiingereza, Francis Anscombe, alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Wastani wa x katika zote ni 9, wa y ni 7.5, na mstari wa makadirio ni uleule. Ukizichora kwa mtawanyiko, ya kwanza inapanda takriban kwa mstari ulionyooka, ya pili imepinda kama upinde, ya tatu imenyooka ila nukta moja imekimbia, na ya nne imesimama wima isipokuwa nukta moja iliyo mbali. Fomula ya AVERAGE haikuweza kuyaona hayo.

Kwa hiyo unapotaka kusema "kadiri mvua inavyoongezeka, ndivyo mavuno yanavyopanda", weka mvua kwenye safu ya kushoto, mavuno kulia, uchore mtawanyiko kwanza. Tazama umbo. Tazama nukta iliyojitenga: huenda mtu aliandika 300 badala ya 30, au huenda kuna kijiji chenye umwagiliaji. Ukisharidhika, ndipo uongeze mstari wa makadirio kupitia Add Trendline. Na kumbuka kuwa nukta kufuatana hakuthibitishi kwamba jambo moja limesababisha jingine.

## Piramidi ya umri, hatua kwa hatua

Mchoro huu unahitajika sana kwenye mipango ya shule na afya, na watu wengi hudhani unahitaji programu maalumu. Lahajedwali linatosha.

1. Safu A iwe ya makundi ya umri: 0-4, 5-9, 10-14 na kuendelea, mdogo akiwa juu. Kabla ya kuandika, zigeuze seli hizo ziwe za maandishi kupitia Format Cells, Text. Usipofanya hivyo, 5-9 itageuzwa kuwa tarehe.
2. Safu B iwe ya wanaume, kwa namba hasi. Kama tayari una namba chanya, zizidishe kwa -1 kwenye safu nyingine. Safu C iwe ya wanawake, kwa namba chanya.
3. Ingiza chati ya pau zilizolazwa za aina ya Stacked. Wanaume watakwenda kushoto, wanawake kulia, na watoto watakaa chini, kwa kuwa Excel hupanga kutoka chini kwenda juu.
4. Bofya mhimili wa umri, nenda Labels, uweke Label Position kuwa Low ili majina yatoke katikati na kukaa pembeni.
5. Punguza Gap Width hadi asilimia 5.
6. Bofya mhimili wa thamani, nenda Number, weka muundo wa 0;0 ili alama ya kutoa isionekane upande wa wanaume.
7. Weka kiwango cha juu na cha chini vilingane, kwa mfano -5 na 5, ili pande mbili zipimwe kwa haki.

## Punguza, kisha ita mambo kwa majina

Chati ikishasimama, anza kuondoa. Ondoa mwonekano wa 3D wa kila aina. Huinamisha pau, hukuza kipande cha duara kilicho mbele, na hauongezi taarifa yoyote. Ondoa fremu, kivuli na rangi ya mandhari. Mistari ya gridi ifanye hafifu, au ifute kabisa ukiweka namba juu ya pau. Usiweke vyote viwili.

Kichwa cha chati kiwe ile sentensi uliyoiandika mwanzoni. "Idadi ya watu 1967–2022" ni jina la faili. "Tanzania sasa inaongeza watu milioni 1.7 kwa mwaka" ni ujumbe. Chini, kwa herufi ndogo, taja kipimo, mwaka na data ilikotoka.

Mistari ikiwa miwili au mitatu, futa ufunguo wa rangi na uandike jina mwishoni mwa kila mstari: bofya nukta ya mwisho mara mbili polepole, ongeza Data Label, uchague Series Name. Msomaji hatahitaji kukumbuka kwamba Kenya ni kijani.

Kumbuka pia kwamba taarifa nyingi huishia kwenye mashine ya kopi, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani vilivyopendeza kwenye skrini vitatoka kijivu kimoja, na hata kwenye skrini kuna wasomaji, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi rangi hizo mbili. Chagua rangi zinazotofautiana kwa kukolea, kama bluu nzito na chungwa hafifu, au tofautisha mistari kwa vipande na nukta. Chapisha nakala moja isiyo na rangi uone.

Unapoihamishia chati kwenye Word, amua kama unataka iendelee kufuata lahajedwali au ibaki ilivyo. Kwa ripoti inayotumwa nje, bandika kama picha, hasa kama faili la Excel lina mishahara au majina ya wateja, kwa sababu chati iliyopachikwa inaweza kubeba kitabu kizima cha data ndani yake. Kwa WhatsApp, bofya kulia juu ya chati, chagua Save as Picture, na ongeza ukubwa wa maandishi kabla ya kuhifadhi. Kinachosomeka kwenye kompyuta huwa kama kundi la sisimizi kwenye simu.

## Jaribio kabla ya kutuma

Mwonyeshe chati mtu ambaye hakuhusika kuitengeneza. Usimweleze chochote. Baada ya sekunde kumi, ifunike, umuulize: umeona nini? Akikuambia sentensi yako, hata kwa maneno mengine, chati imekamilika. Akikutajia rangi, au akikuambia jambo ambalo data haisemi, usimsahihishe yeye, rekebisha chati. Huenda mhimili haukuanza sifuri, huenda miaka imepangwa kwa umbali usio wa kweli, huenda uliuliza maswali mawili kwenye mchoro mmoja.

Halafu fanya jaribio la pili peke yako. Tafuta namba moja kwenye chati, irudishe kwenye jedwali, na kutoka kwenye jedwali irudishe kwenye chanzo. Ikifika salama, tuma. Watakaoitumia chati hiyo kuamua hawatapata nafasi ya kufanya hesabu hizo upya, kwa hiyo zifanye wewe.